Nani Hula Mayai ya Samaki?

 Ninyi mtakaosoma maneno haya darasani baada ya kuyasikia redioni, someni polepole. Kila mnapofika penye tarakimu simameni kidogo, mziandike ubaoni, kwa kuwa leo tutazihitaji.

Kila mama afugaye kuku anaijua hesabu ya vifaranga. Kuku ameatamia mayai 12. Mawili yameoza, kumi yameanguliwa. Baada ya mwezi mmoja vifaranga waliobaki ni wanne tu. Mwewe amechukua, kicheche amechukua, na wengine wamekufa kwa mvua. Mama huyo haulizi, "Kwa nini kuku wangu ametaga mayai machache?" Anauliza, "Nani amekula vifaranga wangu?" Habari yetu ya leo ni jinsi mabingwa wa elimu ya bahari walivyochukua zaidi ya miaka mia moja kulifikia swali hilo la mama mfuga kuku na kulishika kwa nguvu.

Twende kwanza Norwei, nchi iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya. Huko kuna visiwa viitwavyo Lofoten. Kila mwaka, toka mwezi wa Februari mpaka Aprili, samaki wengi sana huja kutaga mayai karibu na visiwa hivyo. Hutoka mbali, katika Bahari ya Barents, wakaja kwa makundi. Jina la samaki huyo ni kodi. Msimchanganye na ile kodi ya kichwa waliyolipa babu zenu. Huyu ni samaki mkubwa, na mafuta ya ini lake ndiyo yale wanayonyweshwa watoto dhaifu kwa kijiko. Wanorwei humtundika juu ya chanja za miti, upepo wa baridi ukamkausha bila chumvi, akawa mkavu kama ubao, akaweza kusafirishwa nchi za mbali. Kwa miaka mia nyingi watu wa pwani ile waliishi kwa samaki huyo. Katika karne ya 19 maelfu ya wavuvi walikusanyika Lofoten kila msimu, kwa mashua za matanga na makasia, na wengi wao walikuwa wamekwisha kukopa vyakula na kamba za kuvulia kabla hawajavua hata samaki mmoja.

Sasa fikiri hali yao. Mwaka mmoja samaki ni wengi hata chanja hazitoshi. Mwaka mwingine ni haba, na deni liko pale pale. Kwa nini? Wengine walisema samaki wamebadili njia. Wengine walilaumu vyombo vya kuvulia, nyavu na zile kamba ndefu zenye ndoana nyingi ambazo wavuvi wa kwetu huziita dhulumati. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na serikali ya Norwei haikuwa na jibu.

Mwaka 1864 serikali ilimpeleka Lofoten kijana mmoja msomi, jina lake Georg Ossian Sars, aliyezaliwa mwaka 1837. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba samaki wote hutaga chini, juu ya mchanga au penye majani ya baharini, na mayai yakabaki hapo kama mbegu zilizopandwa. Sars alichukua wavu wa kitambaa chembamba, akaukokota juu juu ya maji penye samaki wanaotaga. Akapata vidonge vidogo, vyeupe kama kioo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya ulezi. Yalikuwa mayai ya kodi. Hayakuwa chini hata kidogo. Yalikuwa yakielea, yakichukuliwa na mkondo.

Jambo hilo twaweza kuliona dogo leo, lakini lilikata mzizi wa ugomvi mmoja mkubwa. Huko Uingereza nako, katika miaka hiyo hiyo, wavuvi wa kamba walikuwa wakiwashtaki wavuvi wa nyavu za kukokota chini, wakisema wanaponda mayai ya samaki yaliyo sakafuni mwa bahari. Tume ya serikali iliundwa mwaka 1863 kusikiliza mashtaka hayo, ikatoa taarifa yake mwaka 1866. Kumbe mayai ya kodi, na ya samaki wengine wengi wa baharini, hayako huko chini ya nyavu. Lakini si ya wote. Samaki aitwaye heringi hutaga chini kabisa, juu ya changarawe, na mayai yake hushikamana kama ugali mbichi. Wavuvi wa Scotland walijua hivyo zamani, wala hawakuambiwa na msomi: walipopasua matumbo ya samaki wengine waliovuliwa penye heringi, waliyakuta yamejaa mayai ya heringi. Hapo, wasikilizaji, mlaji wa mayai alikuwa amekwisha kukamatwa na ushahidi tumboni. Hata hivyo wakubwa hawakulifuata jambo hilo mbali.

Walifuata njia nyingine. Kwa kuwa sasa walijua namna ya kuyapata mayai ya kodi, wakasema: tuyaangue wenyewe, tuwaachie vifaranga baharini, tuongeze samaki kama mkulima aongezavyo mbegu. Mwaka 1882 nahodha mmoja Mnorwei, Gunder Mathisen Dannevig, alianzisha nyumba ya kuangulia mayai pale Flødevigen, karibu na mji wa Arendal. Kodi walitaga katika mabwawa, mayai yakaanguliwa katika masanduku yenye maji yanayotembea, na kila mwaka vifaranga kwa mamilioni wakamwagwa katika ghuba. Marekani nako walifanya vivyo hivyo. Watu walifurahi sana. Ni nani asiyefurahi kuona ndoo moja yenye samaki wengi kuliko watu wa nchi nzima?

Hapa ndipo tutoe chaki. Kodi jike mkubwa aweza kutaga mayai 5,000,000 katika msimu mmoja. Kama kila yai lingekuwa samaki mzima, baada ya miaka michache bahari isingekuwa na nafasi ya kupita maji. Lakini bahari haikujaa. Samaki dume na jike wakifa, wanahitaji kuacha wawili tu nyuma yao ili hesabu ibaki ile ile. Basi katika mamilioni hayo yote, wawili. Wengine wote wamekwenda wapi? Na kama wengine wote hupotea kwa desturi, mtu akimwaga ndoo ya vifaranga wachanga, ameongeza nini? Pengine amewalisha walaji tu.

Dannevig na wafuasi wake hawakukubali maneno hayo. Kazi ya kumwaga vifaranga pale Flødevigen iliendelea mpaka mwaka 1971, maisha marefu kwa jambo ambalo faida yake haikupata kuthibitishwa. Hesabu za miaka mingi zilipopigwa baadaye, haikuonekana kwamba ghuba zilizomwagiwa vifaranga zilipata samaki zaidi kwa sababu hiyo. Mimi siwacheki watu hao. Waliona njaa ya wavuvi, wakajaribu. Na mabwawa yao yalifundisha elimu nyingi juu ya yai la samaki. Lakini walihesabu vifaranga mlangoni wanapotoka, hawakuwahesabu njiani.

Mtu aliyewapinga hasa alikuwa Johan Hjort, Mnorwei pia, aliyeishi toka 1869 mpaka 1948. Hjort na wenzake walijifunza kusoma umri wa samaki katika magamba yake, maana gamba huwa na miviringo ya miaka kama shina la mti uliokatwa. Wakapima heringi kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka. Wakaona ajabu. Heringi waliozaliwa mwaka 1904 walikuwa wengi kupita kiasi. Mwaka 1910, samaki hao walipokuwa na umri wa miaka sita, walikuwa zaidi ya nusu ya heringi wakubwa wote waliopimwa. Waliozaliwa miaka ya kabla na baada yao walikuwa wachache tu. Yaani wavuvi wa Norwei walilishwa kwa miaka mingi na uzazi wa mwaka mmoja uliobahatika.

Mwaka 1914 Hjort alitoa kitabu juu ya jambo hilo, na mpaka leo mabingwa wa samaki hukisoma. Alisema kwamba wingi wa samaki huamuliwa wakiwa wachanga kabisa. Kifaranga akitoka yaini huwa na mfuko wa kiini tumboni, ndiyo masurufu yake. Mfuko ukiisha lazima apate chakula upesi, la sivyo atakufa. Au mkondo waweza kumpeleka mbali, mahali pasipomfaa. Njaa na mkondo: hizo ndizo sababu mbili alizozitilia mkazo. Wale wanaokula vifaranga hakuwapa nafasi kubwa.

Rudini ubaoni. Katika kila mayai 1,000,000 abaki samaki mmoja. Mayai 5,000,000 yatatoa samaki watano. Mwaka wa pili wabaki wawili katika kila mayai 1,000,000, watakuwa kumi. Baharini huwezi kuiona tofauti kati ya kupoteza 999,999 na kupoteza 999,998. Lakini mvuvi ataiona, kwa kuwa mashua yake italeta mara mbili. Ndiyo sababu kujua nani anakula vifaranga si mchezo wa wasomi.

Mbona basi mlaji alisahauliwa? Kwa sababu ni mwizi asiyeacha nyayo. Kifaranga cha samaki ni laini, hana mifupa migumu. Akimezwa, baada ya saa chache tu hana alama tena. Mtaalamu akipasua tumbo la samaki jioni, haoni kilicholiwa asubuhi. Tena baadhi ya walaji wakubwa ni viumbe vya ute, wale ambao watu wa pwani wengine huwaita viwavi vya bahari na wengine yavuyavu. Wavu huwararua. Na wengine wao wakitiwa katika dawa ya kuhifadhia huyeyuka, chupa ikabaki na maji machafu. Mtaalamu alirudi nyumbani na chupa isiyo na mshitakiwa.

Wa kwanza kumtazama mwizi huyo kwa subira alikuwa mwanamke, na akina mama darasani wamsikie jina lake: Marie Lebour, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1876. Alifanya kazi katika nyumba ya uchunguzi wa bahari mjini Plymouth. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 aliwaweka viwavi hai ndani ya mitungi ya kioo, yenye chombo cha kuyatikisa maji taratibu ili yafanane na bahari. Akawatia na vifaranga wa samaki. Kisha akaketi akatazama. Aliwaona viwavi, hata wadogo wasiozidi ukucha, wakiwanasa vifaranga kwa mikia yao yenye sumu na kuwala mmoja baada ya mwingine. Aliandika ni yupi alimla yupi. Kazi yake ilisifiwa, lakini ilipita miaka karibu sitini kabla ya jambo hilo kupimwa kwa bidii baharini kwenyewe, katika mifuko mikubwa iliyotundikwa majini.

Walipopima waligundua kwamba Hjort na Lebour hawagombani. Kifaranga mwenye njaa hafi mara moja. Hukua polepole, hubaki mdogo siku nyingi, na kila siku anayobaki mdogo ni siku nyingine ya kuwa tonge la mtu. Aliyeshiba hukua, akapita kinywa cha adui. Njaa humshika miguu, mlaji akaja kumaliza.

Tena walaji si viwavi tu. Kodi mzima humla heringi. Lakini heringi naye hula mayai na vifaranga wa kodi. Kila mmoja ni chakula cha mwenzake, ila kwa umri tofauti. Katika Bahari ya Baltiki jambo hilo lilipimwa vizuri. Maji ya juu ya bahari ile yana chumvi kidogo, kwa hiyo mayai ya kodi hayawezi kuelea juu. Huzama mpaka tabaka la chini lenye chumvi ya kutosha, yakasimama hapo katikati. Heringi, pamoja na dagaa mmoja wa huko, hushuka hapo kuyala. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kodi wa Baltiki walipungua sana, kwa kuvuliwa mno na kwa sababu maji mazuri ya kutagia yalikuwa haba. Walipopungua, dagaa aliyekuwa akiliwa nao akazidi. Waona mtego huo? Mwenye nyumba akidhoofika, mwizi wa mayai huongezeka, na kupona kwake kunazidi kuwa kugumu. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliwakataza wavuvi kumfuata kodi wa upande wa mashariki wa bahari ile.

Samaki wa bahari za joto kama yetu wana adui hao hao, maana penye miamba kuna vinywa vingi. Wengi wao hutaga machweo au usiku, ukingoni mwa mwamba, mahali ambapo maji yatayachukua mayai upesi kuyapeleka kilindini. Hata hivyo hufuatwa. Mahali paitwapo Gladden Spit, nchini Belize huko Amerika ya Kati, samaki wa jamii ya kungu hukusanyika kutaga wakati wa mbalamwezi. Na papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye watu wa Kilindoni kisiwani Mafia wanamjua vema, huja hapo akafungua kinywa akanywa mayai yao kama uji.

Sasa nije kwenye habari iliyoshtua nchi nyingi. Kati ya Uturuki, Urusi, Ukraine na nchi nyingine kuna Bahari Nyeusi. Katika bahari hiyo kuna dagaa ambaye Waturuki humwita hamsi. Kwa watu wa pwani ya kaskazini ya Uturuki hamsi ni kama dagaa kwa watu wa Kigoma: ni kitoweo, ni biashara, ni fahari. Mwaka 1988 Waturuki walivua karibu tani 300,000 za hamsi. Mwaka 1989 hawakufika tani 100,000. Na mwaka 1990 walipata kidogo zaidi ya hapo chini. Mashua zilibaki bandarini, na viwanda vya unga wa samaki vikakosa samaki.

Kisa chake kilianza na farumi. Nahodha wa jahazi akiwa hana shehena hutia mawe au mchanga chini ya chombo kisiyumbe, ndiyo farumi. Meli za chuma hutia maji. Huyavuta bandari moja, hwenda kuyamwaga bandari nyingine, pamoja na kila kiumbe kilichomo. Kwa njia hiyo kiwavi mmoja wa pwani ya Amerika aliletwa Bahari Nyeusi, na mara ya kwanza alionekana huko mwaka 1982. Mabingwa humwita Mnemiopsis. Hawashi, ukimshika ni kama kushika ute wa yai. Ni mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Lakini ni dume na jike katika mwili mmoja, hutaga mayai maelfu kwa siku, na hula mchana na usiku. Hula wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula cha hamsi, kisha hula mayai ya hamsi na vifaranga wake. Wakati wa joto, hamsi anapotaga, ndio wakati ambao kiwavi huyu naye amezidi. Mwaka 1989 bahari ilijaa ute kutoka pwani hadi pwani.

Je, kiwavi peke yake ndiye mwenye hatia? Wengi walisema hivyo, kwa kuwa mgeni ni rahisi kulaumiwa. Lakini tazama hali ya nyumba aliyoikuta. Samaki wakubwa wa Bahari Nyeusi walikuwa wamekwisha kuvuliwa karibu wote kabla ya miaka ya 1980. Mto Danube ulikuwa ukileta mbolea ya mashamba ya Ulaya, maji yakageuka rangi. Na hamsi wenyewe walikuwa wakivuliwa kupita kiasi, hata wadogo. Mpaka leo wataalamu hubishana ni fungu gani la hasara lililetwa na kiwavi na fungu gani na nyavu. Naona wanaogawa lawama wana haki zaidi, kwa sababu uvuvi wa Uturuki ulikwisha kuinuka tena katikati ya miaka ya 1990, na kiwavi alikuwa bado yumo.

Aliyempunguza kiwavi alikuja bila kualikwa. Wataalamu walikuwa bado wakijadiliana kama wamlete mnyama wa kumla au waogope kuleta balaa la pili, kumbe mwaka 1997 mlaji huyo akaonekana mwenyewe katika Bahari Nyeusi. Jina lake Beroe. Naye ni wa ute, hana mikia ya kunasia. Ni kama mfuko wenye kinywa, na chakula chake ni viwavi wenzake tu. Humeza Mnemiopsis mzima. Wingi wa Mnemiopsis ukashuka, na mayai ya samaki yakaanza kuonekana kwa wingi katika nyavu za uchunguzi.

Bahari ya Kaspi haikubahatika hivyo. Mwaka 1999 Mnemiopsis alithibitishwa huko, akiwa amepitia mfereji uunganishao mito ya Volga na Don ndani ya maji ya meli, na baada ya miaka michache dagaa wa Kaspi aitwaye kilka akapungua vibaya mikononi mwa wavuvi wa Irani. Mataifa yalipatana mwaka 2004 kwamba meli zisafishe maji ya farumi kabla ya kuyamwaga, na mapatano hayo yakaanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017.

Kabla hamjaondoka, fanyeni hesabu hii pamoja. Samaki mmoja ametaga mayai 2,000,000. Katika kila mayai 100, manne yameanguliwa, mengine yameliwa au yameharibika. Katika kila vifaranga 1,000 walioanguliwa, mmoja amefika umri wa kuvuliwa. Je, ni samaki wangapi? Kisha fanyeni tena, mkichukua kwamba Beroe amekuja na mayai yaliyoanguliwa ni manane katika kila 100. Andikeni majibu yote mawili katika madaftari yenu, moja chini ya jingine. Kwaherini.